Barabara ya Shukrani ya Tulizo

Sitaeleza nilivyofika Tulizo. Waandishi wa safari hupenda kutuchosha na habari za mizigo, mvua na mbu, hata msomaji akiifikia nchi yenyewe amekwisha kuchoka. Inatosha kusema kwamba nilifika mzima, nikapokewa vizuri, nikakaa siku kumi na moja. Mimi ni mpima barabara mstaafu. Nimetembea na mnyororo wa kupimia kwa miaka thelathini na miwili, na kwa sababu hiyo macho yangu huanza na ardhi kabla ya watu. Anayetaka habari za mavazi ya Tulizo amtafute msafiri mwingine.

Nchi yenyewe ni ndogo. Mtu mwenye afya anaweza kuizunguka kabla ya adhuhuri. Ina mlima mmoja, uwanda mmoja wenye ngoma, na barabara inayoviunganisha viwili hivyo. Lakini katika nchi zote nilizopata kuzitembelea sijaona iliyopangwa kwa akili kama ile, na nalisema hili mapema ili nitakayoyasimulia baadaye yasidhaniwe kuwa kejeli tupu. Niliipenda nchi ile, na bado naipenda.

Uwandani ziko ngoma kubwa, na nyuma ya kila ngoma yuko mpigaji asiyeacha kupiga. Hata hivyo nchi ni kimya, kwa sababu mbele ya kila ngoma ameketi mlinzi aliyebandika viganja vyake viwili juu ya ngozi. Kazi yake ni hiyo tu, kuzuia sauti, na huifanya kwa heshima kubwa. Nilimwuliza mmoja wao kwa nini wasimwachishe kazi mpigaji, wakapumzika wote wawili. Alinitazama kwa huruma. Alisema kwamba nchi isiyo na ngoma hailimi, haiposi wala haipiki, na nchi ambayo ngoma zake hazizuiliwi haifanyi jambo lingine lolote. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Maana sheria ya Tulizo ni kwamba ngoma ikilia, wanaohusika nayo lazima waende. Watu hawa huitwa Waendao. Hawaambiwi waende wapi; miguu hujiamulia. Ngoma ikisikika kidogo hufika kisimani au sokoni na kurudi na kitu mkononi. Ikisikika zaidi huenda mbali zaidi. Kwa njia hiyo nchi hupata maji, chakula na wachumba, na hakuna askari anayemsukuma mtu.

Lakini kilichoniteka moyo ni Nyumba ya Mafuta. Iko juu mlimani, na wanawake wanaokaa humo huitwa Wapakaji. Kando ya kila mlinzi wa ngoma kuna kigoda kitupu, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia ila Mpakaji. Mtu akijikata kwa jembe, mama akimnyonyesha mwanawe, marafiki wakicheka mpaka mbavu zikawauma, msafiri wa miguu akikaribia kukata tamaa, habari hupanda mlimani. Mpakaji mmoja hushuka na bakuli la mafuta, huketi kigodani, na kumsugua mlinzi mabega mpaka anasinzia na viganja vinalegea. Ngoma husikika kidogo. Maumivu hupungua, na yule aliyeumia huinuka kuendelea na shughuli zake. Bakuli likiisha, mlinzi huamka, kimya hurudi. Nilikaa asubuhi nzima nikiwatazama, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka. Katika nchi yangu mtu akiumia hupewa fomu ajaze.

Mwenyeji wangu alikuwa mkuu wa Wapakaji hao, Bi Mashavu, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye maneno machache na mikono laini kupita kiasi. Mumewe aliitwa Mbwera, naye alikuwa mmoja wa Waendao, tena hodari kuliko wote kwa maneno ya majirani. Siku niliyofika alikuwa akichechemea. Niliuliza kama ameangukiwa na kitu. Bi Mashavu alisema hapana, alikwenda tu. Mumewe aliinama akaendelea kumenya mihogo, na nikaona kwamba alikuwa anaona aibu.

Baada ya chakula mke alinieleza mambo yote.

Kuna mtu anayeitembelea Tulizo mara kwa mara, wao humwita Mgeni wa Kibuyu. Ni mpole, amevaa vizuri, hana ugomvi na mtu. Hagusi ngoma. Hana mafuta. Akifika hupanda moja kwa moja mpaka lango la Nyumba ya Mafuta na kuwaambia Wapakaji kwamba huko chini kuna watu wengi waliotenda mema, au walioumia, au waliozaliwa, na wote wanangoja. Si kweli. Huko chini watu wamekaa wanachambua mchele. Lakini Wapakaji hawana desturi ya kuulizia ushahidi wa furaha, basi huchukua mabakuli wakashuka wote kwa pamoja. Walinzi husinzia, ngoma hulia, na nchi nzima huona kwamba siku hiyo ni siku nzuri mno.

Mara ya kwanza Mgeni alipokuja, Mbwera alikwenda hadi sokoni, akarudi akiimba, na kanga mpya begani kwa ajili ya mkewe. Bi Mashavu alikiri kwamba aliifurahia sana kanga ile. Mara ya pili alifika mashambani. Mara ya nne alivuka mashamba bila kuyaona. Mara ya sita, ambayo ilikuwa wiki mbili kabla sijafika mimi, walimtafuta hadi kesho yake wakamkuta ukingoni mwa Korongo, pale nchi inapoishia, amelala kifudifudi na vidole vitatu vya mguu vimevunjika. Miguu ilikuwa bado inachezacheza. Kutoka alipolala mpaka penye shimo zilikuwa hatua nne.

“Mgeni atakuja tena baada ya siku tisa,” alisema Bi Mashavu. “Mimi ndiye ninayeshusha mafuta, mzee wangu. Mikono hii ndiyo inayompeleka mume wangu Korongoni, na sijui kwa nini kila mara anakwenda mbali kuliko mara iliyopita.”

Nilimwuliza kama Mgeni huongeza kitu kibuyuni. Alisema hapana, na hoja hiyo ndiyo iliyomshinda mbele ya serikali.

Siku ya pili alinipeleka kwa Mkuu wa Vipimo, Bwana Lugome, mtu nadhifu mwenye meza pana. Alitufungulia daftari. Kila Mgeni anapofika mpakani, kibuyu chake hupimwa, na mara zote sita kilikuwa kibuyu kile kile, kimejaa kiasi kile kile, bila kuzidi hata tone. Kwa hiyo, alisema Bwana Lugome, haiwezekani kwamba Mbwera anakwenda mbali zaidi. Nilimwambia kwamba nimeviona vidole vyake. Alijibu kwa upole kwamba vidole si kipimo.

Alituelekeza kwa Mkuu wa Nyumba ya Usingizi, Bi Hidaya, naye pia alikuwa na kumbukumbu zake. Mwanzoni, alisema, Mgeni alipofika watu waliyumba na kulala kabla ya alasiri. Siku hizi wanapiga miayo miwili mitatu tu, na wengine hawalali kabisa. Ni dhahiri kwamba nchi imemzoea Mgeni, na nguvu zake zinapungua kila ajapo. Alitabiri kwamba baada ya muda si mrefu atakuwa kama maji ya kunywa. Alisema hivyo kwa furaha ya kweli, maana alikuwa mama mwema, na kila neno alilosema kuhusu usingizi lilikuwa sahihi.

Nilitoka nimekasirika, kwa sababu sipendi kuona kitu kikipimwa vizuri mahali pasipohusika. Nilichukua mnyororo wangu nikapanda mlimani. Wengine hufikiri wanapokasirika, mimi hupima.

Barabara ya kutoka Nyumba ya Mafuta hadi uwandani inaitwa Barabara ya Shukrani, na inatunzwa kwa sheria ambayo sijaikuta kwingine. Kila Mpakaji anayerudi na bakuli tupu hukutana na wachimbaji waliokaa kando ya njia. Bakuli tupu maana yake mtu fulani amefarijika. Basi kwa shukrani wachimbaji huipanua barabara kwa unene wa kidole kimoja, ili siku nyingine faraja ifike upesi zaidi. Bakuli likirudi limejaa hawagusi jembe. Na barabara ikishapanuka, ni mwiko kuipunguza, maana itakuwa kama kumnyang'anya mtu asante uliyokwisha kumpa.

Naomba nieleweke. Hiyo ni sheria nzuri. Kwa sheria hiyo watu wa Tulizo walijifunza njia ya kisima chenye maji matamu, na mtoto alijifunza uso wa mama yake, na Mbwera, zamani, alijifunza njia ya kwenda kwa kina Mashavu. Laiti ningepewa kutunga sheria ya barabara, nisingetunga bora kuliko hiyo. Walioitunga hawakufikiria tu kwamba siku moja Wapakaji wote wangeshuka pamoja, kwa uongo, na wote warudi na mabakuli matupu.

Nyanya waliokuwa wakianika ufuta waliniambia kwamba walipokuwa wasichana barabara ilikuwa hatua mbili na nusu. Kabla ya Mgeni kuja ilikuwa tatu. Niliipima mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Ilikuwa hatua kumi na tisa. Wapakaji waliokuwa wakishuka mmoja nyuma ya mwingine sasa wangeweza kushuka ishirini kwa safu, wakikimbia. Kibuyu hakikuwa kimeongezeka hata tone. Nchi ndiyo iliyokuwa imepanuka kukipokea.

Nilipima pia njia ya Mtaa wa Juu, kitongoji chenye Wapakaji wake, ambako Mgeni huyo huyo hupita na kibuyu hicho hicho. Huko Wapakaji ni wazito wa kusikia, hawakumjali sana, na njia yao imebaki hatua mbili. Wakazi wa Mtaa wa Juu wanaamini kwamba hiyo ni kazi ya tabia zao njema. Wana mhadhara kila mwezi juu ya nia thabiti, na huwaalika Waendao waje kuusikiliza.

Baraza lilikutana siku ya saba. Lilijaa, kwa sababu watu wa Tulizo hupenda mjadala kuliko chakula, na wanajadiliana kwa adabu ambayo ningependa wabunge wetu waione. Bwana Lugome alisoma daftari lake. Bi Hidaya akasoma la kwake. Mmoja alisema Mgeni habadiliki, wa pili alisema anadhoofika, na baraza likawapigia makofi wote wawili kama watu waliokubaliana. Kisha niliitwa, nikataja hatua kumi na tisa.

Mzee mmoja aliuliza kama inawezekana nchi kudhuriwa na shukrani zake yenyewe. Mwingine alisema kwamba kama barabara ni pana, hilo ni jambo la kujivunia, na akapendekeza ipandwe maua. Likatolewa wazo la kumzuia Mgeni mpakani, nalo likakataliwa, kwa kuwa Tulizo haifukuzi wageni na tena, kama mtu mmoja alivyosema bila kuona haya, siku za Mgeni ni nzuri. Likatolewa wazo la kuipunguza barabara. Wachimbaji wakasimama wote wakatoka nje kwa hasira, ikabidi wakabembelezwe.

Ndipo Bi Mashavu aliposimama. Alikuwa ameshika bakuli lake la kazi, sijui kwa nini, labda kwa kuzoea tu.

“Waheshimiwa,” alisema, “mpakani wako watu wanaoitwa Wakaliaji. Mnawajua. Hawana mafuta, hawana kazi, wanajua kukaa tu, na wakikaa hawainuki. Naomba siku ya Mgeni waitwe mapema, wakae kwenye vigoda vyetu. Tukishuka tutakuta vimejaa, tutarudi na mafuta yetu. Barabara haitapanuliwa, na ngoma haitapita kiasi.”

Mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha aliuliza, na sisi tutakaoumia siku hiyo, nani atatujia? Alikuwa na haki ya kuuliza. Kigoda kikikaliwa hakichagui Mpakaji aliyedanganywa na Mpakaji mwenye habari ya kweli. Siku hiyo atakayejikata atajikata, na anayelia atalia mpaka mwisho.

Bi Mashavu alisema hakuna atakayewajia. Alisema amefanya kazi ya kufariji watu kwa miaka thelathini, mama yake aliifanya kabla yake, na hakuna kitu anachokipenda zaidi duniani isipokuwa kimoja. Hakukitaja. Mbwera alikuwa amekaa mlangoni, na kila mtu alikuwa anatazama mahali pengine ili asimtazame yeye.

Baraza lilikubali, kwa siku za Mgeni peke yake. Bwana Lugome alipiga kura ya ndiyo. Nilimstahi sana kwa hilo, tena alipokuwa anatoka alinishika mkono akaniuliza polepole mnyororo kama wangu unapatikana wapi.

Siku ya kumi Wakaliaji walikuja asubuhi. Sijapata kuona watu wasiopendeza kiasi kile. Hawakusalimia, hawakutabasamu, hawakuwagusa walinzi. Kila mmoja aliona kigoda, akakaa. Walinzi walijaribu kuzungumza nao wakaacha. Tangu saa hiyo nchi ilibadilika kidogo. Watu waliokuwa wakicheka kisimani walicheka, lakini wakaacha upesi, kicheko kikiwa kama chai iliyosahauliwa sukari. Mtoto aliyeanguka alilia zaidi ya kawaida. Niliwaona watu wakivumilia mambo hayo bila kulalamika, kwa ajili ya mguu wa mtu mmoja, na nikajisemea kwamba hao ndio watu.

Mgeni alifika adhuhuri. Kibuyu kilipimwa, kilikuwa kile kile. Alipanda mlimani, akasema maneno yake langoni. Nilikuwa nimemwuliza Bi Mashavu mapema kama angeweza kukaa tu, maadamu anajua ni uongo. Aliniambia kwamba Mpakaji akisikia kuna mtu anamngoja hawezi kukaa, hata akijua, na kwamba siku atakapoweza kukaa ataacha kazi. Alishuka mbele ya wenzake. Nilikuwa kando ya barabara, na ardhi ilitetemeka kwa vishindo vyao.

Katikati ya njia alijikwaa. Waliomfuata walimpita huku na huku, kwa kuwa nafasi ilikuwepo ya kutosha, na aliposimama alikuta kwamba mguu haubebi. Wenzake walifika uwandani, wakaona vigoda vimejaa. Walisimama na mabakuli yao, wakizunguka, wakiwaomba Wakaliaji wawapishe, na Wakaliaji wakatazama mbele. Baada ya muda walianza kurudi mmoja mmoja, mafuta yao yamejaa. Wachimbaji waliyachungulia mabakuli, wakaketi tena, majembe yao chini.

Ngoma zilisikika kwa mbali, kama zinapigwa nyumba ya tatu. Waendao wachache walikwenda sokoni wakarudi na vitunguu. Mgeni alikaa kivulini saa nzima akimsubiri mtu wa kumchangamkia, kisha aliuliza kwa adabu kama kuna msiba. Aliambiwa hakuna. Alichukua kibuyu chake, akaaga vizuri, akaenda zake.

Nilikimbilia kwa Bi Mashavu. Alikuwa ameketi chini barabarani, kifundo cha mguu kimevimba, uso umelowa. Nilidhani analia kwa kushindwa, nikaanza kumwambia kwamba mpango umefaulu. Hakunisikia. Mwanamke yule alikuwa amewapunguzia watu maumivu maisha yake yote na yeye mwenyewe kupunguziwa yake kila alipoumia, na hakuwahi hata siku moja kukutana na maumivu kamili. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, kama mtu aliyeonewa.

Mbwera alikuja kutoka nyumbani. Sikumwona akitoka; nilimwona tu akiwa amefika, anachechemea, na kisu cha mihogo bado mkononi. Alikiweka chini, akaketi mavumbini, akaupakata mguu wa mkewe. Tangu Mgeni aanze kuja, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamume yule kuwapo siku ya Mgeni. Hakuwa na mafuta wala cha kumfanyia. Aliushika tu, na jua likapita juu yao, na barabara ile pana ikawa tupu pande zote mbili.

“Inauma, Mbwera,” alisema mkewe. “Kumbe inauma hivi.”

“Najua.”

Baadaye alimwuliza kama anaisikia ngoma. Mbwera aliinua kichwa, akasikiliza kwa makini, kwa muda mrefu hata nikaanza kuogopa.

“Naisikia,” alisema. “Lakini wewe nakusikia zaidi.”